Zambarau Kutoka Timbilil Hadi Longisa

Kericho husifiwa kwa kijani chake, na sifa hiyo ni ya haki. Kuanzia ukingo wa msitu wa Mau, chai imeshuka mabondeni na kupanda vilima bila kuacha pengo, imepogolewa usawa wa kiuno, na kati yake njia za udongo mwekundu zinapita chini ya mikaratusi. Lakini mgeni akiniuliza atazame nini, namwambia aitafute rangi nyingine: zambarau. Ipo, ila haijitangazi. Inaanzia kwenye vitalu vya utafiti pale Timbilil, inateremka na barabara ya Litein, Kaplong na Silibwet, inachungulia kwenye punje za mahindi sokoni Bomet, kisha inatokea tena kwenye mashamba ya wimbi upande wa Longisa. Anayeifuata rangi hii anapita katikati ya kisa kikubwa cha biolojia: kisa cha vipande vya DNA vinavyohama ndani ya mimea, vilivyojaza jenomu (DNA yote) za nafaka tunazosonga na kupika kila siku. Sijui barabara nyingine Afrika Mashariki inayokionyesha kisa hiki wazi namna hii, kwa nauli ya matatu.

Timbilil iko karibu mita 2,180 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi kuna baridi ya kweli, jua la saa nne linachoma, na mchana mawingu ya upande wa Ziwa Victoria yanakutana na hewa ya Mau, kisha mvua inashuka. Siku nyingine inashuka mvua ya mawe, na wachumaji wanakimbilia kwenye vibanda huku majani machanga yakichanika. Hapa ndipo penye taasisi ya utafiti wa chai, ambayo leo iko chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Tangu mwaka 1980 iliitwa Tea Research Foundation of Kenya, na herufi za jina hilo, TRFK, zimebaki kwenye majina ya aina za chai zilizozalishwa hapo. Mojawapo ni TRFK 306, chai ya zambarau, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011.

Ukiisogelea utaona kwamba zambarau yake iko kwenye machipukizi: majani mawili na kichipukizi, yale yale yanayochumwa, ndiyo yenye rangi iliyokolea, na majani makuukuu chini yake yamerudi kijani. Kinachotia rangi ni antosianini, kundi la kemikali ambalo mmea hulitengeneza, pamoja na kazi nyingine, kujikinga na jua kali la milimani. Ukiikoroga chai yake bila maziwa, inatoka hafifu sana kwa aliyezoea chai ya kahawia ya Kericho. Ukitia tone la ndimu, inageuka waridi pale pale mbele ya macho yako, kwa sababu antosianini hubadilika rangi ikikutana na asidi. Ni kinywaji kizuri, na ningependa hoteli za hapa zikiandae kwa fahari zaidi.

Sasa tuingie ndani ya jani. Mwaka 2017 wanasayansi wa China walichapisha jenomu ya chai ya jamii ya Assam, jamii iliyotawala mashamba ya Kericho. Waliisoma kutoka aina moja ya mkoa wa Yunnan iitwayo Yunkang 10. Walikuta herufi za DNA kama bilioni 3, karibu sawa na jenomu ya mwanadamu. Takriban asilimia 80 ya herufi hizo ni mfuatano unaojirudia, na sehemu kubwa yake imetokana na retrotransposoni, yaani vipande vya DNA vyenye uwezo wa kujinakili na kujipachika mahali pengine. Jeni zenyewe, zile zinazotengeneza kafeini, ladha na rangi ya zambarau, ni visiwa vidogo katikati ya hayo.

Anayefanya kazi kwenye kitalu cha chai tayari ana picha ya jambo hili mikononi mwake. Kuna kung'oa mche hapa na kuupanda pale: mche ni ule ule, umebadilisha mahali tu. Na kuna kukata kipandikizi kutoka kwa mama: mama anabaki alipo, na kipandikizi kinakuwa kichaka kipya kinachofanana naye kabisa. Vipande vinavyohama navyo vina tabia hizo mbili. Transposoni za DNA nyingi hukatwa na kuhamishwa. Retrotransposoni hubaki zilipo: seli hunakili kipande kuwa RNA, kimeng'enya hugeuza RNA hiyo kuwa DNA tena, na nakala mpya hupachikwa kwingine kwenye kromosomu. Kila safari inaongeza urefu wa jenomu, na hivyo ndivyo mmea unavyoweza kubeba DNA mara kadhaa ya mahitaji ya jeni zake.

Katika chai, uongezekaji huo ulikwenda polepole, kwa muda wa miaka kama milioni 50. Kwenye nyasi zetu za nafaka mambo yalikuwa ya kasi zaidi, na ndiyo maana inafaa kuteremka.

Kutoka mji wa Kericho gari huelekea kusini. Ukiwa na saa moja ya ziada, kwanza geukia upande wa mashariki hadi Chagaik, kwenye bustani ya miti iliyopandwa na mkulima wa chai John Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia, penye bwawa na miti ya kutoka mabara mengi. Kisha shika njia. Mashamba makubwa ya kampuni yanaenda na wewe kwa muda mrefu, na ni lazima isemwe kwamba ardhi hii ilichukuliwa kutoka kwa Wakipsigis na ukoo wa Watalai wakati wa ukoloni. Mwaka 1934 Watalai walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na madai ya familia zao hayajafungwa mpaka leo. Siwezi kuusifu mpangilio wa vichaka hivi nikanyamazia hilo.

Baada ya Litein mandhari yanageuka, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Vichaka vya kampuni vinakwisha, yanaanza mashamba ya wenyeji: robo eka ya chai, ng'ombe wawili wa maziwa, migomba, nyasi za Napier ukingoni, na mahindi, mahindi kila mahali. Kwenye vituo vya kununulia majani watu wamepanga magunia wakingoja lori, wakizungumzia bei na bonasi. Mpaka kati ya chai na mahindi ni mfereji tu. Upande mmoja wa mfereji kuna kichaka ambacho asili yake ni Asia, upande wa pili kuna nyasi ya Mexico, na jenomu zote mbili kwa sehemu kubwa zimejengwa na vipande vinavyohama. Mtu anayepalilia anageuka kutoka mmoja kwenda kwa mwingine kwa hatua mbili.

Soko la Bomet siku ya mnada linajaa mpaka barabarani: viazi, maharagwe, mitungi ya mursik (maziwa yaliyochachushwa), kuku waliofungwa miguu, viatu vya mitumba. Mama mmoja alikuwa ameweka mahindi ya gunzi juu ya gunia, na kati ya yale meupe kulikuwa na machache ya rangi.

"Chamgei, mama," nikamsalimu.

"Chamgei, karibu. Unataka ya kuchoma ama ya kwenda kusaga?"

Nikamwambia nataka yale ya rangi. Akacheka kidogo, akayapangusa kwa kanga. "Hayo ni ya nyumbani, mbegu ya mama mkwe wangu. Posho mill hawayapendi, unga unatoka na madoa. Lakini watoto wanayachagua yakichomwa."

Hindi moja lilikuwa na punje nyeupe, za njano na za zambarau, zote kwenye gunzi moja. Hilo tu bado halionyeshi DNA inayohama. Kila punje ni mtoto wa chavua yake, na upepo ukileta chavua ya shamba la jirani, ndugu wa gunzi moja watatofautiana rangi. Cha kutafuta ni punje moja yenye rangi mbili. Nilizigeuza safu moja baada ya nyingine kwenye mwanga nikaipata: punje nyeupe iliyonyunyiziwa nukta za zambarau, nyingine ndogo kama ncha ya sindano, na moja pana iliyofunika robo ya punje. Mwambie muuzaji akuonyeshe kama hiyo kabla hujalipa.

Nukta za namna hiyo ndizo zilizomfikisha Barbara McClintock kwenye ugunduzi wake. Alikuwa Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902, akafanya kazi Cold Spring Harbor karibu na New York, akipanda mahindi yake mwenyewe na kukagua punje moja moja na kromosomu zake kwa hadubini. Katika miaka ya 1940 aliona kwamba kromosomu ya 9 ilikuwa ikikatika mahali pale pale kila mara, na kwamba mahali hapo palikuwa pakihama. Akakiita kipande hicho Ds, na mwenzake anayekiamuru akamwita Ac.

Ds kikiingia ndani ya jeni ya rangi, jeni hiyo inaharibika na punje inabaki bila zambarau. Ds hakiwezi kuondoka chenyewe; Ac ndicho kinachotengeneza kimeng'enya cha kukikata. Ac kikiwepo, punje inapokua, katika seli hii na ile Ds kinang'oka, jeni inapona, na seli hiyo pamoja na uzao wake wote inapata rangi. Kikitoka mapema, wazao ni wengi na doa ni kubwa. Kikitoka mwishoni, doa ni nukta. Kwa hiyo ukubwa wa kila doa unakuambia ni wakati gani kipande kiliruka. McClintock aliyasoma hayo kwa jicho, miaka kadhaa kabla umbo la DNA halijajulikana. Alichapisha mwaka 1950, akayawasilisha mbele ya wenzake mwaka 1951, na wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81, na alipewa peke yake. Nikikumbuka subira hiyo nasikia heshima kubwa, na ninaona inafaa mtoto wa shule ya Bomet ajue kwamba chombo cha kwanza cha ugunduzi huo kilikuwa hindi kama la mama yake.

Transposoni za kuruka kama Ds, hata hivyo, ni sehemu ndogo. Mwaka 2009 jenomu ya mahindi ilipochapishwa, ilikutwa na herufi kama bilioni 2.3, na karibu asilimia 85 zilikuwa za vipande vinavyohama, nyingi zikiwa za vile vinavyojinakili. Mwaka huo huo ilitoka jenomu ya mtama: herufi kama milioni 730 tu. Mtama na mahindi ni ndugu wa karibu. Mababu zao walitengana miaka kama milioni 12 iliyopita. Basi mahindi yalinenepaje kiasi hicho? Kwanza, kromosomu zote za babu yake zilijirudufu. Pili, na kwa kiwango kikubwa, retrotransposoni zilifurika.

Muda wa mafuriko hayo unajulikana kwa njia ambayo kwangu ni nzuri ajabu. Retrotransposoni nyingi za mahindi zina miisho miwili inayofanana. Zinapopachikwa, miisho hiyo huwa sawa herufi kwa herufi. Baada ya hapo kila mwisho hupata mabadiliko yake, moja hapa, moja pale, kwa mwendo unaokadirika. Ukilinganisha miisho miwili ukahesabu tofauti, umepata umri wa kipande. Phillip SanMiguel, Jeffrey Bennetzen na wenzao walifanya hivyo mwaka 1998 kwenye eneo moja la kromosomu ya mahindi, wakakuta kwamba vipande vizima walivyopima vyote viliingia ndani ya miaka milioni 6 iliyopita, vingi ndani ya milioni 3. Vingine walivikuta vimepachikwa ndani ya vingine, na hivyo ndani ya vingine tena, tabaka juu ya tabaka. Bonde la Ufa, upande wa mashariki wa hapa, lilikuwa tayari limepasuka mahindi yalipokuwa yakinenepa.

Zamani vipande hivi viliitwa takataka. Jina hilo limewapotosha watu wengi. Vingi kweli vimenyamazishwa, mmea umevifunga kwa alama za kikemikali juu ya DNA ili visiruke ovyo. Lakini kimoja kiitwacho Hopscotch kiliangukia herufi kama 60,000 kutoka kwenye jeni ya tb1 na kuiongezea nguvu. Jeni hiyo huzuia matawi. Magugu ya Mexico yaitwayo teosinte, yaliyozaa mahindi, hutoka na matawi mengi; mahindi husimama na bua moja imara. Kipande hicho kilikuwepo tayari kwa maelfu ya miaka kabla ya wakulima wa kusini mwa Mexico kuanza, miaka 9,000 hivi iliyopita, kuchagua mmea waliouona unafaa. Kila bua lililosimama wima kati ya Kaplong na Silibwet limesimama hivyo kwa sehemu kwa sababu ya Hopscotch.

Ukipita Bomet mjini na mto Nyangores, ardhi inashuka na kukauka kidogo kuelekea Longisa, karibu mita 1,900. Chai inaishia. Hapa nafaka ya kale ya milima yetu inaonekana tena: wimbi, kwenye vipande vidogo karibu na nyumba, vinavyopaliliwa kwa mkono na kuchungwa dhidi ya ndege. Wimbi ni wa kwetu kabisa. Ulianza kulimwa kwenye nyanda za juu kati ya Uganda na Ethiopia miaka kama 5,000 iliyopita, na kwa Wakipsigis kimyet (ugali) cha wimbi na mursik bado ni chakula cha heshima. Nilikila kwa jirani wa barabara ya Longisa, kikiwa na rangi ya udongo uliolowa na uchachu wa mbali, na sijakila kingine kinachoshika mboga vizuri kama hicho.

Ukilipekua suke la wimbi linapochanua, kwenye mimea fulani utaona zambarau ndani ya vijiua, vidogo mno, kwenye sehemu inayopokea chavua. Mimea mingine haina, ni kijani tupu. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Katrien Devos ilichapisha jenomu ya wimbi na ikaitafuta jeni inayobeba tofauti hiyo hasa. Kazi hiyo ilisimama juu ya ramani ya kijenetiki ya wimbi iliyotoka mwaka 2007, ambayo mwandishi wake wa kwanza alikuwa Mathews Dida, mtafiti aliyefanya kazi yake Chuo Kikuu cha Maseno, upande ule wa Kisumu. Jenomu ya wimbi ina herufi zaidi kidogo ya bilioni moja, tena ni jenomu mbili zilizokutana ndani ya mmea mmoja. Moja ilitoka kwa Eleusine indica, gugu unalolikanyaga kila siku kando ya njia. Mwenye ile ya pili hajapatikana akiwa hai.

Kwa nini nyasi moja inafura na nyingine inabaki nyembamba? Devos huyo huyo, pamoja na Jianxin Ma na Bennetzen, walitoa sehemu ya jibu mwaka 2004 kupitia mpunga. Walionyesha kwamba mmea hukata na kutupa retrotransposoni huku zikiingia. Mpunga, wenye jenomu ya herufi kama milioni 390, ulikwisha kutupa zaidi ya milioni 190 ndani ya miaka milioni 8. Ukubwa wa jenomu basi ni salio kati ya kuingia na kutoka, na kila nyasi ina salio lake.

Longisa ina jina katika historia ya mahindi kwa sababu chungu. Septemba 2011, hapa ndipo ugonjwa hatari wa mahindi, ule wa virusi viwili vinavyoungana, uliripotiwa kwa mara ya kwanza Kenya. Majani machanga yalipata michirizi ya njano, yakakauka kuanzia ukingoni, moyo wa mmea ukafa, na magunzi yakatoka bila punje. Virusi vimoja hubebwa na wadudu kama thripsi, vingine na vidukari. Ugonjwa ukaenea Chepalungu, Narok, Naivasha, kisha nchi jirani. Mwaka 2013 KARI, ambayo leo ni sehemu ya KALRO, na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, wakafungua kituo cha kuupima Naivasha, ambako maelfu ya mistari ya mahindi imeambukizwa kwa makusudi ili kuona ipi inasimama. Kinga yenye nguvu dhidi ya kimojawapo cha virusi hivyo ilipatikana kwenye mbegu za KS23, zenye asili ya Chuo Kikuu cha Kasetsart, Thailand, ikafuatiliwa hadi kipande kifupi cha kromosomu ya 6. Hebu fikiria kazi hiyo: kutafuta mfuatano mdogo katikati ya herufi bilioni 2.3 ambazo nyingi zinafanana, kwa kuwa ni nakala za nakala. Mzalishaji wa mbegu asiyejua tabia ya retrotransposoni angepotea humo. Mahindi niliyoyaona Longisa msimu huu yalikuwa yamenenepa, mbelewele zikimwaga chavua, na mkulima mwenye shamba alikuwa ameyapanda kwa kupokezana msimu na maharagwe ili virusi visipate pa kukaa.

Usiishie hapo ikiwa bado kuna mwanga. Barabara inashuka hadi Mulot, inavuka mto Amala, na ng'ambo ya daraja ni Narok, ambako ngano hulimwa kwa eka mamia. Jenomu ya ngano ya mkate, iliyokamilishwa mwaka 2018, ina herufi karibu bilioni 16, mara tano ya yetu sisi watu. Imetokana na nyasi tatu zilizoungana, na asilimia 85 yake ni vipande vinavyohama. Matatu za kutoka Bomet hupita katikati ya mashamba hayo, na kuanzia Julai suke linapoanza kukomaa, ukikaa dirishani upande wa kaskazini unayaona yote mpaka chini ya Mau.